Redio ya Wanafunzi na Wiki Moja ya Aprili

Nimekuwa kimya kidogo, na kazi za gazeti mnazijua: hujamaliza habari ya leo unaulizwa ya kesho iko wapi. Leo nimepata upenyo, na nina jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Mei Mosi ya mwaka 2024. Ni kisa cha redio ndogo ya wanafunzi. Ni kirefu kidogo, kwa hiyo kama una chai, isogeze karibu.

Alfajiri ya siku ile niliamka mapema kwa sababu nilikuwa nimepangiwa kuandika habari za sherehe za wafanyakazi. Nikiwa nasubiri maji yachemke nikafungua simu. Rafiki yangu niliyesoma naye alikuwa amenitumia ujumbe mfupi: "Sikiliza hii sasa hivi." Chini yake kulikuwa na anuani ya redio inayoitwa WKCR. Kwetu ilikuwa yapata saa kumi na nusu alfajiri. Kule New York ilikuwa bado Aprili 30, saa tatu na nusu usiku.

Niliyoisikia haikuwa sauti ya mtangazaji kama tulivyozoea, ile nzito yenye mikogo. Ilikuwa sauti ya kijana anayehema. Alikuwa anasema anachokiona: askari wamesimama wapi, wanaelekea jengo gani, yeye na wenzake wamesukumwa hadi wapi. Pale ambapo haoni, alisema haoni. Matangazo yakakatika, yakarudi, yakakatika tena. Maji yangu yalichemka hadi yakapungua nusu sufuria.

Nilijiuliza maswali mawili. Kwanza, hawa watoto wamejifunzia wapi kazi hii? Pili, mimi ningefanya nini? Swali la pili lina jibu, na jibu lenyewe silipendi. Nitalisema mwishoni. Tuanze na la kwanza, maana historia ya redio hii ni tamu na kuna mahali inagusa hadi huku kwetu Afrika.

WKCR ni redio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, katika masafa ya 89.9 FM. Herufi KCR ni kifupi cha "King's Crown Radio", jina linalokumbushia kwamba chuo hicho kilipoanzishwa mwaka 1754, wakati wa utawala wa Waingereza, kiliitwa King's College. Redio yenyewe ilipata leseni mwaka 1941.

Sasa, tunaposema "FM" tunatamka kama tunavyotamka "daladala", bila kufikiri ilitoka wapi. Basi ilitoka hapo hapo. Edwin Howard Armstrong alisoma uhandisi Columbia, akahitimu mwaka 1913, kisha akawa profesa katika chuo hicho. Redio za zamani zilikuwa na tatizo moja kubwa: radi ikipiga, au injini ikiwaka jirani, kelele zote zinaingia kwenye spika. Armstrong alikuja na njia nyingine ya kubebesha sauti kwenye mawimbi. Badala ya kubadili nguvu ya wimbi, unabadili kasi ya mtetemo wake, na kelele nyingi zinabaki nje. Alipata hataza zake mwaka 1933. Wanafunzi wa Columbia waliopenda mambo ya redio walikuwa jirani kabisa na mtu huyo.

Armstrong mwenyewe hakufaidi sana. Alipigana mahakamani miaka mingi na makampuni makubwa kuhusu uvumbuzi wake, fedha zikaisha, ndoa ikayumba, na Januari 1954 akajiua. Mjane wake, Marion, hakukubali kuacha. Aliendelea na kesi hizo moja baada ya nyingine hadi zikaisha kwa ushindi katika miaka ya 1960. Kila ukisikiliza FM kwenye gari, mkumbuke mama huyo.

Kwa miaka mingi WKCR ilikuwa redio ya kistaarabu sana. Muziki wa okestra ya Kizungu, mihadhara ya maprofesa, habari za chuo. Ungeweza kuipigia usingizi. Halafu ikaja wiki moja ya Aprili 1968.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Vita ya Vietnam imepamba moto. Martin Luther King ameuawa Memphis Aprili 4. Pale Columbia kuna mambo mawili yanachemka. La kwanza, chuo kina uhusiano na taasisi ya utafiti wa kijeshi iliyokuwa ikifanya kazi kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. La pili, chuo kimeanza kujenga jumba la michezo ndani ya Morningside Park, bustani ya umma inayotenganisha chuo kilicho juu ya mwinuko na Harlem iliyo chini, mtaa wa Wamarekani weusi. Wakazi wa Harlem wangepewa sehemu ndogo ya jengo, na mlango wao ungekuwa wa chini, peke yake. Wanafunzi wangeingilia juu. Hebu fikiri: unachukua bustani ya mtu, halafu unamwonyesha mlango wa uani.

Jumanne, Aprili 23, wanafunzi walikusanyika mchana katikati ya chuo. Walikuwepo wa kundi la SDS, wengi wao weupe, likiongozwa na Mark Rudd, na wa chama cha wanafunzi weusi, SAS. Walikwenda hadi kwenye eneo la ujenzi, wakavutana na polisi kwenye uzio, wakarudi, na kabla jua halijazama walikuwa wamekalia jengo la Hamilton Hall. Kaimu mkuu wa Columbia College, Henry Coleman, akajikuta amezuiwa ofisini mwake humo humo hadi siku ya pili yake.

Usiku ule wanafunzi weusi waliwaambia wenzao weupe watoke, wakatafute jengo lao. Wao walikuwa na hoja yao, walikuwa na Harlem nyuma yao, na walitaka nidhamu yao. Jumatano alfajiri wale weupe wakaenda Low Library na kuingia ofisi ya Rais wa Chuo, Grayson Kirk. Kufikia mwisho wa wiki majengo matano yalikuwa mikononi mwa wanafunzi.

Sasa jiweke mahali pa mtu aliye ndani ya jengo mojawapo. Milango imezibwa kwa meza na makabati. Hujui wenzako wa jengo la pili wameamua nini. Hujui maprofesa, ambao nao walikuwa wanakutana usiku na mchana kutafuta suluhu, wamefikia wapi. Hujui kama polisi wanakuja leo au kesho. Hakuna simu za mkononi. Utajuaje?

Ulikuwa unafungua 89.9. WKCR iliweka kando ratiba yake ya kawaida ikawa inatangaza mgomo. Vijana wa umri ule ule, wa darasa lile lile, ndio waliokuwa wanasema nani kasema nini na wapi. Na mazungumzo ya wiki ile yalikuwa ya kila rangi. Kulikuwa na waliokalia majengo. Kulikuwa na wanafunzi waliochukia mgomo, wamevaa koti na tai, wamejipanga kuizunguka Low Library ili chakula kisiingie. Kulikuwa na maprofesa waliosimama katikati. Ijumaa walikuja Stokely Carmichael, yule ambaye baadaye alihamia Guinea na kujiita Kwame Ture, na H. Rap Brown. Ndani ya jengo la Fayerweather wanafunzi wawili walifunga ndoa katikati ya mgomo, mchungaji akiwepo. Watu wa magazeti makubwa walikuwepo pia, lakini wao walikuwa wageni. Watangazaji wa WKCR walikuwa wenyeji, walijua kila ngazi na kila mlango.

Usiku wa manane kuamkia Jumanne, Aprili 30, polisi waliingia. Hamilton Hall, walikokuwa wanafunzi weusi, palimalizwa kwa utulivu. Walikuwa na mawakili wao, wakatoka kwa mpangilio na kukamatwa bila vurugu. Majengo mengine hayakuwa hivyo. Kulikuwa na virungu, kuburutwa kwenye ngazi, na waliopigwa wakiwemo waliokuwa wamesimama tu wakitazama. Watu zaidi ya 700 walikamatwa, zaidi ya 100 wakaumia. Siku tatu baadaye, Mei 3, bendi ya Grateful Dead ilikuja kuwapigia muziki wanafunzi waliokuwa bado wamegoma.

Jumba la michezo halikujengwa pale tena. Shimo lililokuwa limeshachimbwa baadaye likageuzwa bwawa lenye maporomoko madogo ya maji. Uhusiano na ile taasisi ya kijeshi ukavunjwa. Grayson Kirk akastaafu Agosti ile ile.

Na hapa, msomaji wangu, ndipo niliposimama na kusoma mara mbili. Unajua nani aliwekwa kukaimu kiti cha Kirk? Andrew Cordier. Jina hilo huenda halikuambii kitu, lakini ndugu zetu wa Kongo wana sababu ya kulikumbuka. Septemba 1960, Cordier alikuwa ndiye mwakilishi wa Umoja wa Mataifa pale Leopoldville, Kinshasa ya leo. Septemba 5 Rais Kasavubu alitangaza kwenye redio kwamba amemfukuza kazi Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Lumumba akakimbilia redio hiyo hiyo usiku ule ule kujibu. Saa chache baadaye, kwa amri ya Cordier, askari wa Umoja wa Mataifa walifunga viwanja vya ndege na kituo cha redio. Kwenye karatasi ilikuwa ni kufungia pande zote mbili. Lakini Kasavubu aliweza kutumia redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Lumumba, ambaye silaha yake kubwa ilikuwa ni mdomo wake, hakuwa na pa kusemea. Januari 1961 aliuawa.

Sisemi kwamba Cordier alikwenda Columbia kufunga redio ya wanafunzi. Hakufanya hivyo, na wengi pale walimsifu kwa kutuliza mambo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyejua kwa vitendo uzito wa kipaza sauti kimoja alikuja kuongoza chuo ambacho wanafunzi wake walikuwa ndiyo kwanza wamegundua uzito huo. Historia ina utani wake.

Baada ya 1968 WKCR haikurudi kulala. Vijana waliamua kwamba kama redio za biashara zinapiga vinavyouzika, wao watapiga vinavyoachwa. Hapo ndipo jazi ilipochukua nyumba. Mwaka 1970 akaingia studio kijana mwanafunzi anayeitwa Phil Schaap. Alihitimu mwaka 1974, lakini redioni hakuondoka. Kuanzia 1981 alikuwa na kipindi cha asubuhi kuhusu mpiga saksafoni Charlie Parker, siku za kazi zote, mwaka hadi mwaka. Anaweza kupiga wimbo wa dakika tatu, halafu akaeleza kwa nusu saa ulirekodiwa siku gani, nani alichelewa kufika studio na kwa nini mpiga ngoma alibadilishwa. Wapo waliokereka. Wapo waliochelewa kazini kwa ajili yake. Alifariki Septemba 2021, akiwa ametumikia redio ile nusu karne.

Kuna wiki nyingine lazima niitaje. Mwanzoni mwa Julai 1979, WKCR ilipiga muziki wa Miles Davis mfululizo, usiku na mchana, siku baada ya siku. Wakati huo Miles mwenyewe alikuwa hajaonekana jukwaani kwa miaka kadhaa. Alijifungia nyumbani kwake Manhattan, mgonjwa na mwenye dawa za kulevya. Basi simu ya studio ikaanza kulia. Ni Miles. Mwanzoni alipiga kugomba. Akapiga tena. Na tena. Siku zilivyokwenda akawa anamsahihisha Schaap, anamweleza nani alikuwepo kwenye rekodi ipi, na Schaap anaandika. Mzee mmoja mkubwa wa muziki, amejifungia, anazungumza kwa masaa na kijana wa redio ya chuo kwa sababu ndiyo redio pekee iliyokuwa na muda wa kumsikiliza mpaka amalize. Mwaka uliofuata Miles alianza kurudi studio.

Wenzangu wa hip hop msinune, na nyinyi mmo. Kuanzia 1990 hadi 1998, usiku wa kuamkia Ijumaa, kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja alfajiri, WKCR ilikuwa na kipindi cha Stretch Armstrong na Bobbito. (Huyo Stretch hana undugu na profesa wetu, ni jina la utani lililotokana na mwanasesere.) Muda huo watu wa heshima wamelala, kwa hiyo hakuna aliyewaingilia. Walipita pale Nas, Jay-Z, Big L, Notorious B.I.G. na Wu-Tang, wengi wao kabla albamu zao za kwanza hazijatoka. Watu walirekodi kwenye kaseti na kuzidurufu. Huku kwetu sheria ya utangazaji ilikuwa ndiyo kwanza imepitishwa mwaka 1993 kuruhusu redio binafsi, na Radio One ikaanza 1994. Vijana wa Dar walikuwa nao wanadurufu kaseti. Nani ajuaye, labda moja ya zile za usiku wa Columbia ilifika Kariakoo.

Septemba 11, 2001, WKCR ilinyamazishwa kwa njia ambayo hakuna aliyeitegemea. Mtambo wake wa kurushia matangazo ulikuwa juu ya World Trade Center. Majengo yalipoanguka, mtambo ukaenda nao. Redio ikarudi hewani baadaye kwa mtambo mwingine.

Nimeyasema haya yote ili uelewe kile nilichokisikia alfajiri ya Mei Mosi. Aprili 17, 2024, wanafunzi wa Columbia walipiga mahema chuoni kupinga vita ya Gaza na kudai chuo kiondoe fedha zake kwenye makampuni yanayohusiana na Israeli. Siku ya pili yake polisi waliitwa na kukamata zaidi ya watu 100. Mahema yakarudi. Chuo kiligawanyika. Wapo wanafunzi Wayahudi waliosema hawajisikii salama tena kutembea chuoni, na wapo Wayahudi wengine waliokuwa ndani ya mahema yale yale. Usiku wa kuamkia Aprili 30 kundi la waandamanaji liliingia na kujifungia Hamilton Hall. Jengo lile lile la 1968. Na polisi walipoingia usiku uliofuata ilikuwa tarehe ile ile, Aprili 30, na hata siku ya wiki ilikuwa ile ile, Jumanne. Miaka 56 kamili. Agosti, kama ilivyokuwa kwa Kirk, Rais wa Chuo, Minouche Shafik, akajiuzulu.

Usiku ule waandishi wengi wa vyombo vikubwa hawakuweza kuingia chuoni, milango ilifungwa. Waliobaki ndani ni wanafunzi. WKCR wakaacha ratiba yao ya jazi, wakashika vinasa sauti na simu zao, wakatangaza. Bodi ya Tuzo za Pulitzer, ambayo makao yake yako Columbia hapo hapo, ilitoa tamko la kuwapongeza wanafunzi wanahabari.

Kwa hiyo swali langu la kwanza, walijifunzia wapi? Nadhani nimelipata. Walijifunzia kwenye muziki. Mtu aliyezoea kukaa masaa mawili akieleza nani alipiga besi kwenye rekodi ya mwaka 1947, na akikosea kuna mzee Harlem atapiga simu kumsahihisha, huyo amejifunza mambo mawili: kutosema asichokijua, na kutomharakisha anayezungumza. Siku polisi wanapokuja, hayo mawili ndiyo kazi yenyewe.

Sasa swali la pili. Mimi ningefanya nini?

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo, nilikuwa mtangazaji wa redio ya wanafunzi. Chuo chenyewe sikitaji. Wiki yetu ilikuwa na kila kitu: Jumatatu mjadala wa vitabu, Jumatano wataalamu wa afya, Alhamisi hip hop, Jumapili zilipendwa. Tulijiona tumefika. Halafu ukatokea mgomo. Boom lilichelewa wiki kadhaa, watu walikuwa wanakunywa uji mchana na kulala, mwisho wakakusanyika mbele ya jengo la utawala. Zamu ya mchana ilikuwa yangu.

Msimamizi akaingia studio, akafunga mlango taratibu, akasema, "Mdogo wangu, leo muziki tu. Hakuna taarifa, hakuna simu za wasikilizaji. Muziki tu." Simlaumu. Alikuwa na mshahara na watoto. Mimi nilikuwa na nini cha kupoteza? Labda mwaka wa masomo. Si kidogo, lakini ndicho.

Nikaweka muziki. Masaa matatu. Rumba, bongo fleva, rumba tena. Nilisoma hadi salamu za siku ya kuzaliwa. Studio haikuwa na dirisha, lakini milio ya mabomu ya machozi haihitaji dirisha. Niliongeza sauti ya spika.

Wiki iliyofuata nilikutana na dada mmoja wa mwaka wa tatu kwenye foleni ya chakula, mkono una bandeji. Hakugomba. Alisema tu, "Siku ile tulifungua redio yenu tujue geti lipi halina FFU. Kaka, ukatupigia rumba."

Nimeandika habari nyingi tangu nianze kazi, nyingine zimekaa ukurasa wa mbele. Sentensi ile bado naisikia.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na rumba. Wale wa WKCR wanapenda muziki kuliko mimi. Tofauti ni kwamba wao siku ilipofika walinyanyua sindano kwenye santuri. Mimi niliongeza sauti.

Na hili si langu peke yangu. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na akawarudisha makwao zaidi ya vijana 300. Wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata. Hadithi hiyo tumeisoma wote. Lakini jiulize, unaijua kutoka upande gani? Mimi najua alichosema Mwalimu, karibu neno kwa neno. Walichosema vijana wenyewe nakijua kwa mabango mawili matatu. Hewani kulikuwa na Radio Tanzania tu, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imewekwa chini ya serikali. Kipaza sauti cha mwanafunzi hakikuwepo. Inawezekana Mwalimu alikuwa sahihi, wapo wanaosema hivyo na wana hoja. Lakini hata ushindi wa hoja unahitaji kusikia pande mbili, na sisi upande mmoja tumeupokea umefifia.

Vijana wale sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Baadhi yao walikuja kuwa watu wakubwa, wengine wako kijijini wanapalilia migomba. Kama una babu, mjomba au jirani aliyekuwepo siku ile, nakuomba kitu kimoja. Nenda Jumapili hii. Weka simu mezani, bonyeza kitufe cha kurekodi, muulize alivaa nini asubuhi ile, alitembea na nani, walikuwa wanaimba nini njiani. Akinyamaza, usimjazie maneno. Mwache amalize.

Mimi nimeshaanza kutafuta wa kwangu. Nikimpata, safari hii sitaweka muziki.